Kahawa na Uchovu wa Rubani: Mwongozo Kamili wa Kupanga Vikombe Vyako kwa Safari ya Usiku

Rubani anayeagiza kahawa saa 9 usiku anasukumwa na kope zilizokwisha kuwa nzito, na hakuna wa kumlaumu. Tatizo ni kwamba kikombe kile kitaendelea kufanya kazi mwilini hata baada ya ndege kuegeshwa, abiria kushuka na yeye mwenyewe kujitupa kitandani hotelini. Analala saa chache kuliko alivyokusudia, anaamka na uchovu wa jana, na usiku unaofuata anahitaji vikombe viwili pale ambapo kimoja kingetosha. Ndiyo maana mwongozo huu unaipanga kahawa kinyume na mazoea: tunaanza na saa utakayolala, kisha tunarudi nyuma.

Umeandikwa kwa marubani wa ndege za abiria na za mizigo, ingawa mhudumu wa ndege au mwongozaji wa ndege aliye zamu ya usiku ataona mengi yanamhusu. Pale ambapo sheria za nchi yako au taratibu za shirika lako zinasema tofauti na niliyoandika hapa, fuata hizo.

## Kwanza, kahawa inafanya nini hasa?

Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyokuelemea. Kafeini, yaani kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, ina umbo linalokaribiana na la adenosini, kwa hiyo huwahi kukaa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za ubongo zinazoipokea, na kuizuia isifikishe ujumbe wake. Adenosini yenyewe haiendi popote. Inazidi kurundikana, na kafeini inapoanza kupungua, uchovu wote uliokuwa umezuiwa unakushukia kwa pamoja. Kwa safari za usiku, mara nyingi hilo hutokea karibu na wakati wa kushuka kutua, yaani pale ambapo kazi ni nyingi na makosa hayasameheki.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa kahawa hawapendi kulisikia. Kafeini inarudisha vizuri uwezo wa kukaa macho na kuitikia haraka: taa ikiwaka, mkono unakwenda. Haina nguvu hiyo katika mambo mazito zaidi, kama kubadili mpango katikati ya safari, kugundua kwamba umeelewa vibaya hali ya hewa, au kusikiliza kweli mwenzako anapokupinga. Mambo hayo huponywa na usingizi. Rubani mwenye usingizi aliyekunywa kahawa ya kutosha anajiona mzima wakati uamuzi wake bado una dosari, na mimi naona hatari hiyo ni kubwa kuliko ile ya mapigo ya moyo ambayo watu hupenda kuizungumzia.

Wala usitegemee kujipima kwa hisia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watu walioruhusiwa kulala saa 6 kwa usiku, kwa siku 14 mfululizo, walifikia kiwango cha kuzubaa kinacholingana na cha watu walionyimwa usingizi kabisa hadi usiku mbili. Walipoulizwa hali zao, walisema wana usingizi kidogo tu. Walikuwa wamezoea kuchoka.

## Hatua ya 1: Hesabu kwa miligramu, si kwa vikombe

«Nimekunywa vikombe viwili» ni maneno yasiyo na kipimo. Kikombe cha kahawa ya kuchujwa cha mililita 240 kina kafeini ya wastani wa miligramu 95, lakini kinaweza kwenda juu au chini sana kulingana na aina ya buni na namna ilivyotengenezwa. Kahawa ya unga wa kopo, ile inayoyeyushwa kwenye maji ya moto, huwa na takriban miligramu 60. Espreso moja ni kama 63, ingawa ladha yake inawafanya wengi wadhani ni kali mara tatu. Chai nyeusi iko kati ya 40 na 50. Soda aina ya kola ya kopo ni kama 35. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 kwa kawaida kina 80, ila yapo makopo makubwa yanayobeba mara mbili ya hapo, basi soma maandishi ya pembeni. Kahawa iliyotolewa kafeini nayo haiko sifuri. Hubaki na miligramu chache.

Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na hadi 200 kwa mkupuo mmoja, bila wasiwasi wa kiafya. Kwa mjamzito kikomo ni 200 kwa siku. Hicho ni kikomo cha usalama wa mwili, hakikukusudiwa kuwa lengo la kufikiwa. Kwa rubani anayetaka kulala baada ya kazi, miligramu 200 kwa usiku mzima, zikigawanywa vizuri, mara nyingi zinatosha.

Kwa wiki moja andika kila kinywaji na saa uliyokunywa. Wengi hushangaa kuona kwamba sehemu kubwa ya kafeini yao inaingia wakati hawaihitaji kabisa: wakisubiri abiria wapande, wakipiga soga, au kwa sababu tu mhudumu ameuliza kwa upole, «Kapteni, nikuletee kahawa?»

## Hatua ya 2: Jua mwili wako unaitoa kwa kasi gani

Kafeini hufika kileleni kwenye damu ndani ya dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa. Baada ya hapo, mtu wa kawaida huchukua takriban saa 5 kuipunguza hadi nusu. Neno «takriban» hapa lina uzito, kwa sababu wapo wanaochukua chini ya saa 2 na wapo wanaochukua zaidi ya saa 9. Tofauti hiyo inatokana hasa na kimeng'enya kimoja cha ini, yaani protini inayoivunja kafeini, ambacho utendaji wake unarithiwa na pia unabadilishwa na mambo mengine. Uvutaji wa sigara unakiharakisha; mvutaji huitoa kafeini kwa karibu nusu ya muda. Vidonge vya kupanga uzazi vinakichelewesha, hata muda ukakaribia mara mbili, na ujauzito unauongeza zaidi. Dawa ya siprofloksasini, ambayo ni ya kawaida sana kwa maambukizi, nayo inachelewesha. Kwa hiyo rubani aliyeacha sigara mwezi uliopita na bado anakunywa vikombe vilevile sasa anabeba kafeini nyingi kuliko zamani, bila kujua kwa nini halali.

Hesabu ni nyepesi. Ukinywa miligramu 200 saa 9 usiku na mwili wako ni wa wastani, saa 2 asubuhi bado una 100. Hiyo ni sawa na kumaliza kikombe kizima cha kahawa ya kuchujwa ukiwa umekaa ukingoni mwa kitanda. Saa 7 mchana bado una 50.

Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala, na usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa moja. Kwa hiyo weka kanuni hii: kipimo kikubwa kiishe angalau saa 6 kabla ya kulala, na kama unajijua ni wa kutoa polepole, ziwe saa 8 au zaidi. Mtu anayesema «mimi nakunywa espreso na kulala papo hapo» anasema kweli kuhusu kupata usingizi. Haelezi usingizi wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi gani.

## Hatua ya 3: Lala kabla ya kazi, hata kama ni mchana

Hapa ndipo safari nyingi za usiku zinapoharibikia, saa nyingi kabla injini hazijawashwa.

Mtu aliyeamka saa 1 asubuhi, akashinda na shughuli za nyumbani, akaripoti kazini saa 4 usiku na kutua saa 12 na nusu asubuhi, atakuwa amekaa macho saa 23 na nusu. Mwaka 1997 watafiti nchini Australia walilinganisha kukesha na ulevi: baada ya saa 17 za kukaa macho, utendaji wa mtu unashuka kama wa mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na baada ya saa 24 ni kama asilimia 0.10. Hakuna shirika linaloweza kumruhusu rubani apande ndege akiwa na kiwango hicho cha pombe. Na hakuna kahawa inayozifuta saa 23.

Dawa ni kulala mchana wa siku ya safari. Muda unaofaa ni kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, ambapo mwili wenyewe hulegea, uwe umekula au hujala. Ukijaribu kulala saa 1 au saa 2 usiku, kabla tu ya kuripoti, utagaagaa. Saa hizo, kwa mtu aliyezoea kulala saa 4 au 5 usiku, ndipo saa ya mwili inapomweka macho kwa nguvu zote. Si ukaidi wako, ni maumbile.

Ili usingizi huo wa alasiri uje, kahawa ya asubuhi iwe moja na iishe mapema, kabla ya saa 3 asubuhi ikiwezekana. Giza chumbani, simu mbali, na watu wa nyumbani wajue kwamba hujalala kwa uvivu. Ukipata saa moja na nusu hadi mbili umeupiga usiku huo pigo kubwa. Hata dakika 40 zina faida.

## Hatua ya 4: Panga kwa kurudi nyuma

Sasa chukua safari ile ile. Kuripoti saa 4 usiku, kuondoka saa 5 usiku, kutua saa 12 na nusu asubuhi, kufika hotelini saa 2, kitandani saa 3 asubuhi. Tuchukulie uko katika majira yale yale ya saa. Ukivuka majira, fanya hesabu yote kwa saa za mahali mwili wako ulikozoea.

Rudi nyuma saa 6 kutoka saa 3 asubuhi. Unafika saa 9 usiku. Hapo ndipo mwisho wa kipimo kikubwa.

Utaona mara moja kwamba kuna mgongano. Saa ya mwili hufika chini kabisa kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na kanuni za muda wa kazi za marubani zinakitambua kipindi hicho. Kwa hiyo saa ngumu kuliko zote zinakuja baada ya mlango wa kahawa kufungwa, na kutua kuko mwishoni mwake. Hapa sina maneno mawili: kutua salama kunatangulia usingizi wa hotelini. Ikiwa unahitaji kafeini kwa ajili ya kutua, kunywa, ila iwe kidogo, na ujue utailipia. Sanaa yote iko katika kutoitumia mapema bila sababu, ili ile kidogo ya mwisho iwe na nguvu.

Mpango wenyewe unaweza kuwa hivi:

Saa 4 hadi saa 7 usiku: usinywe kahawa. Ulilala alasiri, msisimko wa kuondoka unakutosha, na mwili bado uko katika saa zake za kukaa macho. Kikombe cha wakati huu ndicho kinachopotea bure kuliko vyote, na ndicho kinachonywewa zaidi.

Saa 7 usiku: miligramu 60 hadi 100, kikombe kimoja. Kafeini inafanya kazi vizuri ikitangulia usingizi kuliko ikija kuupigia magoti ukiwa umeshafika.

Saa 9 usiku: miligramu 60 nyingine, yaani kikombe cha kahawa ya unga au chai nzito. Kama umepumzika kwa zamu, rejea hatua ya 6, huenda usihitaji.

Saa 11 alfajiri: jiulize kwa uaminifu. Ukiwa uko sawa, acha. Ukiwa unajikuta ukisoma namba ile ile mara mbili, kunywa miligramu 40 hadi 60. Itafika kileleni kati ya saa 11 na nusu na saa 12, ndege ikiwa inaanza kushuka au imeshaanza.

Vipimo vidogo vinavyorudiwa vinashinda kikombe kimoja kikubwa. Vinaifuata adenosini inavyopanda, badala ya kukupandisha ghafla na kukuangusha. Pia vinakupunguzia kutetemeka mikono na kwenda chooni mfululizo, jambo ambalo si la mzaha kwenye ndege ambayo kila kufunguliwa kwa mlango wa chumba cha rubani kuna utaratibu wake. Kuhusu kukauka mwili, usiogope sana: kwa aliyezoea, kahawa ya kiasi huhesabika kama maji mengine. Kinachokausha ni hewa ya ndani ya ndege, ambayo unyevu wake mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Kunywa maji pamoja nayo.

## Hatua ya 5: Kikombe chenyewe kiwe na kifuniko

Hili linaonekana dogo. Tarehe 6 Februari 2019, ndege ya Airbus A330 ya shirika la Condor iliyokuwa ikitoka Frankfurt kwenda Cancún ililazimika kugeuza na kutua Shannon, Ireland, baada ya kahawa kumwagikia vifaa vya mawasiliano katika chumba cha rubani hadi vikatoa moshi. Mwaka uliofuata, baada ya matukio mawili ya injini kuzimika angani kwenye ndege za A350 kufuatia vinywaji kumwagika kwenye jopo la katikati, lile la vidhibiti lililo kati ya viti vya marubani, mamlaka ya Ulaya ya usalama wa anga ilitoa amri ya kuweka eneo lisiloruhusiwa vimiminika.

Kikombe kipokewe kwa upande wa nje wa kiti, si juu ya jopo la katikati. Kikae kwenye kishikio chake. Mtu mmoja akipokea, mwingine mikono yake iwe huru. Na hakuna kahawa wakati wa kupaa, kushuka na kutua.

## Hatua ya 6: Pumzika kwa zamu kama unaruhusiwa

Kati ya mambo yote ambayo rubani anaweza kufanya angani dhidi ya usingizi, hakuna linaloikaribia dawa hii: kulala kidogo, kwa mpango, kwenye kiti.

NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilifanya utafiti kwenye safari ndefu za kuvuka Bahari ya Pasifiki, matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Marubani walipewa nafasi ya dakika 40, wakalala wastani wa dakika 26. Utendaji wao uliongezeka kwa asilimia 34 na hali ya kuwa macho kwa asilimia 54. Kundi ambalo halikupumzika lilipitiwa na usingizi wa sekunde chache chache hata katika dakika 90 za mwisho, wakati wa kushuka ukiwemo. Pamoja na hayo, Marekani hadi leo haiwaruhusu marubani wa mashirika yake kupumzika hivyo wakiwa kwenye viti vyao, ilhali Ulaya na Kanada zinaruhusu. Naona ajabu, lakini sheria ni sheria.

Pale inaporuhusiwa, ifanyike hivi. Mkubaliane kwa maneno, nani analala na kwa muda gani. Isizidi dakika 45. Iwe wakati wa kazi chache, ndege ikiwa imetulia katika kimo chake cha safari. Mfikishieni taarifa mhudumu mkuu ili apige simu kwa vipindi mlivyopatana. Mkabidhiane kazi kikamilifu: mafuta, hali ya hewa, viwanja vya dharura, masafa ya redio. Anayelala asogeze kiti nyuma na kufunga mikanda. Aamke angalau dakika 30 kabla ya kuanza kushuka, kisha apewe muda, si chini ya dakika 20, kabla ya kushika tena majukumu.

Muda huo wa mwisho usiuruke. Anayeamka ghafla huwa na mang'amung'amu, na katika hali hiyo anaweza kuzungumza na kubonyeza vitu huku akili haijarejea. Tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express ilipitiliza njia ya kutulia katika uwanja wa Mangalore, India, na watu 158 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kapteni alikuwa amelala kwa muda mrefu wa safari na akaamka muda mfupi kabla ya kutua. Mang'amung'amu yalitajwa miongoni mwa yaliyochangia uamuzi wake mbovu.

Kuna mbinu ya kuunganisha vyote viwili: kunywa miligramu 150 hadi 200 harakaharaka, kisha lala papo hapo kwa dakika 15 hadi 20. Kafeini inachukua muda kufika kwenye ubongo, kwa hiyo haikuzuii kulala, na unapoamka inakuwa imeanza kazi na kuyasaidia mang'amung'amu kuondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliipima kwa madereva waliosinzia na ikafanya vizuri kuliko kahawa au usingizi peke yake. Kwenye ratiba yetu ingekaa saa 8 na nusu usiku, ikichukua nafasi ya kikombe cha saa 9.

Sharti moja: anayebaki awe macho kweli. Tarehe 25 Januari 2024, kwenye safari ya Batik Air kutoka Kendari kwenda Jakarta, rubani mmoja alilala kwa makubaliano, kisha mwenzake aliyebaki naye akapitiwa. Ndege ikaruka dakika 28 bila mtu wa kuiangalia. Yule aliyepitiwa alikuwa na mapacha wachanga nyumbani. Kabla hujafumba macho, muulize mwenzako alilala saa ngapi jana, na usiridhike na «niko fiti».

## Hatua ya 7: Tambua kahawa iliposhindwa

Dalili za kuziamini si miayo. Angalia haya: unasahau masafa uliyopewa sekunde kumi zilizopita, unashikilia tatizo dogo na kuacha kubwa, unakereka na mwenzako bila sababu, hukumbuki dakika chache zilizopita zilikwendaje, kichwa kinaanguka na unastuka. Hiyo ya mwisho ikitokea, ujue umeshalala mara kadhaa bila kustuka.

Hapo kahawa nyingine si jibu. Sema wazi, «Nimechoka, nahitaji unifuatilie kwa karibu.» Ongezeni mwanga, nyosheni miguu kwa zamu, zungumzeni, na rahisisheni kutua: tumieni mitambo inayojiendesha, chagueni njia ya kukaribia uwanja mnayoifahamu, fanyeni maelezo ya kutua mapema mkiwa bado na akili.

Na kama unayajua haya kabla ya kuondoka, usiondoke. Katika ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari 2009, watu 50 walikufa. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kuvuka nchi ili aripoti kazini, na kapteni alilala kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi uwanjani. Wachunguzi waliona uwezo wao yaelekea ulikuwa umepunguzwa na uchovu. Kanuni mpya za Marekani zilizoanza kutumika Januari 2014 zilitokana kwa sehemu kubwa na ajali hiyo: mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, yenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Zinamtaka pia rubani mwenyewe athibitishe kwamba yuko tayari kwa kazi. Najua kuna mashirika ambamo kusema «nimechoka» kunamtia mtu doa. Andika taarifa ya uchovu hata hivyo, ukitaja saa ulizolala na ratiba uliyopewa. Malalamiko ya mdomo hayabadilishi ratiba. Taarifa zilizoandikwa zikirundikana kuhusu safari ile ile, ni vigumu kuzipuuza.

## Hatua ya 8: Siku za mapumziko, punguza

Anayekunywa miligramu 400 kila siku hujenga mazoea, na kikombe cha saa 9 usiku kinamrudisha tu kwenye hali ya kawaida. Marubani wenye busara huiweka kafeini akiba: kidogo au hakuna siku za mapumziko, ili siku ya kazi ifanye kazi.

Usiikate ghafla. Kichwa kuuma, uchovu na hasira huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na huweza kudumu hadi siku 9. Kuacha kahawa siku moja kabla ya zamu ni kujipeleka kazini mgonjwa. Punguza robo moja kila baada ya siku tatu au nne, ukianzia na vikombe vya jioni.

Ukirudi kutoka safari ya mbali, kumbuka kafeini ya jioni inasogeza saa yenyewe ya mwili. Kipimo cha espreso mbili, saa 3 kabla ya kulala, kiliichelewesha kwa kama dakika 40 katika jaribio moja. Kwa aliyesafiri kuelekea mashariki, ambaye tayari anahangaika kulala mapema, huko ni kurudishwa nyuma kila siku.

Vidonge vya kafeini sivipendi kwa sababu ni rahisi kuzidisha. Chingamu za kafeini zina faida ya kuingia haraka kupitia mdomo, ndiyo maana wanajeshi wanazitumia, lakini zihesabu kwenye miligramu zako. Dawa kali za kukesha, kama modafinili, si za rubani wa kiraia.

## Ukiwa unalala vya kutosha na bado unahitaji vikombe vitano

Nenda kwa daktari wa afya ya anga. Tarehe 13 Februari 2008, marubani wote wawili wa ndege ya shirika la go! iliyotoka Honolulu kwenda Hilo, Hawaii, walilala na kuupita uwanja. Ilikuwa asubuhi, safari ya chini ya saa moja. Baadaye kapteni aligundulika kuwa na tatizo kubwa la kukatika pumzi usingizini, ambalo humwamsha mtu mara nyingi usiku bila yeye kujua. Ukoromaji mkubwa, kuamka na kichwa kizito, na mwenzi anayesema unaacha kupumua ukiwa umelala ni dalili za kupimwa. Matibabu ya kawaida ni mashine ndogo inayosukuma hewa puani wakati wa kulala, na rubani akionyesha kwamba anaitumia na tatizo limedhibitiwa, mamlaka nyingi humruhusu kurudi kuruka.